Hofu Iliyolipiwa Nauli

Wako watu katika Marekani na Ulaya ambao mapenzi yao ni kusafiri kutoka bustani moja ya michezo hata nyingine, wakipanda mabembea ya mashine na kuyatolea hukumu. Huandika juu yake kama wanazuoni waandikavyo juu ya tenzi: hili lina mteremko wa kwanza mtukufu lakini mwisho wake umepooza, lile lina mtikisiko wenye kuchosha mgongo, jingine humnyanyua abiria kitini mara nyingi kuliko wenzake, na kwa hiyo lastahili sifa. Mashine ipendwayo zaidi katika hukumu hizo ni rolakosta, ambayo aghalabu ni msafara wa vijigari visivyo na injini, unaovutwa kwa mnyororo mpaka kilele cha kilima cha mbao au chuma, kisha ukaachiliwa uteremke kwa uzito wake wenyewe, ukipanda na kushuka na kupinda hata nguvu ya kilima kile cha kwanza iishe.

Yamkini msomaji ataona jambo hili ni dogo. Walakini lina swali ndani yake ambalo si dogo. Mwenye kuhukumu chakula huhukumu utamu, na mwenye kuhukumu nguo huhukumu uzuri na uimara wake. Hapa bidhaa inayouzwa ni hofu. Abiria hulipa nauli ili atishwe, na asipotishika hunung'unika kuwa amepunjwa. Je, hofu, ambayo viumbe wote huikimbia, yaweza kuwa kitu chema? Na kama yaweza, kwa kipimo gani tutasema kuwa hofu hii ni bora kuliko ile?

Kipimo kilicho karibu na mkono ni namba, nacho ndicho kinachopendwa na wenye bustani. Katika karne ya 18 Warusi wa St Petersburg walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda, wakateremka juu yake kwa kuteleza. Mchezo huo ulipoigwa Paris mwaka 1817 ulitiwa magurudumu, na hata leo Wafaransa huiita rolakosta kwa jina la milima ya Kirusi. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake katika Coney Island, ufukoni mwa New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo wake ulikuwa kama maili 6 kwa saa. Kijana mwepesi wa miguu angaliweza kukimbia sambamba nayo. Hata hivyo watu walijazana kuipanda. Tangu siku ile vilima vimeshindana kwa urefu mpaka mwaka 2005 ilipojengwa Kingda Ka katika jimbo la New Jersey, yenye kimo cha futi 456 na mwendo wa maili 128 kwa saa. Ilifungwa mwaka 2024, na mnara wake ukaangushwa kwa baruti Februari 2025. Wakati huohuo Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo kimo chake ni futi 85 tu, ingali imesimama. Mji wa New York uliiweka mwaka 1988 katika orodha ya majengo yake ya kuhifadhiwa, na wajuzi wa mambo haya bado huisifu.

Basi namba haziwezi kutuamulia. Kama hofu ingekuwa kitu cha kupimwa kwa futi, mtu wa mwaka 1884 asingalipiga ukelele hata mmoja, na mtu wa leo angalisinzia ndani ya Cyclone. Kinyume chake ndicho kionekanacho. Mnyororo unapovuta gari, meno ya chuma yanayolizuia lisirudi nyuma hugonga moja baada ya moja, na abiria huyasikia yote. Huiona bahari upande mmoja na mji upande mwingine. Hakuna baya lililompata bado. Msimulizi mzuri ajua kwamba jini ambalo halijatokea hutisha kuliko jini lililokwisha tokea, na mjenzi wa rolakosta ajua vivyo hivyo. Halafu huja mteremko, na baada yake maboriti yanayopita karibu na vichwa hata watu huinama, ingawa nafasi yake ilipimwa na hakuna mkono uwezao kuyafikia. Mhakiki anayetaja futi na maili akaacha kutaja kungoja kule na boriti zile ni sawa na mtu anayehesabu beti za utenzi akasema kuwa ameusoma.

Mpaka hapa nimesema kama kwamba hofu ya bustani ni sanaa tu, na kwamba yatosha kuihukumu kwa ufundi wake. Mtu mwenye maadili makali hatakubali upesi. Atasema kwamba kuichezea hofu ni kuwadhihaki wale wanaoishi nayo: mvuvi katika dhoruba, mchimbaji chini ya ardhi. Naye ana ushahidi mzuri kuliko adhaniavyo. Katika Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania, ilijengwa mwaka 1827 reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani. Magari yalishuka kwa uzito wake, na nyumbu waliteremshwa pamoja na makaa ili wapate kuyavuta magari matupu kurudi juu. Baadaye makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikawa ya watalii, ambao walilipa ili washuke mahali pale pale ambapo wafanyakazi walilipwa ili washuke. Mlima ulikuwa mmoja. Hofu zilikuwa mbili, wala sidhani kwamba mfanyakazi wa zamani aliyesimama kando akiwatazama watalii wakicheka angaliweza kuitambua hofu yake katika nyuso zao.

Tofauti yake nini? Edmund Burke aliandika mwaka 1757 kwamba hatari ikitukaribia mno haina ladha ila maumivu, bali ikiwa mbali kidogo huweza kutufurahisha. Maneno haya yamfaa mtu anayetazama radi dirishani. Abiria wa rolakosta hayuko dirishani. Yumo ndani ya radi. Umbali wake si wa futi, ni wa maarifa. Amewaona waliotangulia wakirudi salama, wakicheka na nywele zimetimka. Akili yake yajua. Tumbo lake halijui. Raha yote imo katika ugomvi huo wa akili na tumbo, na mfanyakazi wa makaa hakuupata, maana akili yake na tumbo lake vilikubaliana.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kumwita abiria shujaa, kama matangazo ya bustani yanavyopenda kumwita. Aristotle alifundisha kuwa ushujaa ni kustahimili hofu inayostahili kustahimiliwa, kwa ajili ya jambo jema. Aliyefungwa kwa ukanda na chuma kifuani hastahimili lolote kwa ajili ya lolote. Hata akiinua mikono juu, jambo ambalo vijana hulionea fahari kubwa, hajafanya tendo. Gari lingefika mahali pale pale akiwa ameizika mikono mapajani. Lakini kuna kitu kingine alichokifanya kabla gari halijaondoka, ambacho wahakiki hawakiandiki kwa kuwa hakina sauti. Aliutoa mwili wake akauweka katika mikono ya watu asiowajua: aliyepiga hesabu ya tao, aliyekaza parafujo, aliyeitembea reli asubuhi kabla ya lango kufunguliwa. Hofu yake ni ya bandia. Imani yake ni ya kweli, na yaweza kusalitiwa kwa kweli.

Historia ya kitanzi yaonyesha jambo hili wazi. Mwaka 1895 ilijengwa Coney Island reli iliyoitwa Flip Flap, iliyompindua abiria kichwa chini ndani ya duara kamili. Duara kamili ni umbo zuri machoni na rahisi kwa mchoraji. Lakini gari linapotoka katika reli iliyonyooka na kuingia ghafula katika duara, uzito wa mwili huongezeka mara nyingi kwa nukta moja, na abiria waliumia shingo. Mwaka 1901 ilifuata nyingine yenye kitanzi cha umbo la yai, iliyokuwa laini zaidi. Hata hivyo, inasimuliwa kuwa waliolipa ili watazame walikuwa wengi kuliko waliolipa ili wapande, na sidhani kama walikuwa wajinga. Ilipofika mwaka 1976, katika bustani ya Magic Mountain huko California, kitanzi kilirudi kwa umbo jipya: kipana chini na chembamba juu, kinachompokea abiria kwa upole na kumpindua pale tu mwendo umepungua. Kwa mtazamaji wa mbali, kitanzi cha 1895 na kile cha 1976 ni kitu kimoja. Tofauti imo katika kwamba mjenzi wa pili aliifikiri shingo ya mtu mwingine. Sijui neno la kuiita kazi hiyo isipokuwa wema, ingawa ilifanywa kwa hesabu na bila ya huruma kutajwa.

Palikuwa pia na wajenzi waliopenda kwenda mpaka ukingoni. Cyclone nyingine, ya Crystal Beach katika Kanada, iliyodumu tangu 1927 hata 1946, ilikuwa kali kiasi cha kuwekewa muuguzi pale kituoni. Wako wanaoisifu hadi leo kwa sababu ya muuguzi huyo. Mimi namhesabu kuwa ni ungamo la mjenzi. Hofu inayohitaji bandeji imekwisha kuacha kuwa ile iliyolipiwa.

Lakini hata hesabu nzuri haitoshi peke yake. Katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 2013 rolakosta iitwayo Smiler, yenye vipinduo 14, idadi ambayo haikuwa imepata kufikiwa. Tarehe 2 Juni 2015 msafara mtupu uliotumwa kwa majaribio ulikwama njiani. Mtambo wa usalama uliuona, ukauzuia msafara wa nyuma yake uliojaa watu. Mafundi hawakujua kuwa kuna msafara uliokwama. Wakadhani mtambo umekosea, wakaupuuza kwa mkono, na misafara ikagongana. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Kampuni yenye bustani ilikiri kosa mahakamani, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya paundi milioni 5. Na hakimu hakuwatwika mafundi lawama, bali mwajiri aliyewaacha wafanye kazi bila ya utaratibu wa kutosha. Walioipanda mashine ile na kuisifu kwa vipinduo vyake hawakusema uongo. Vipinduo vilikuwapo, 14 kamili. Kilichokosekana hakikuwa mahali ambapo mhakiki hutazama.

Kama niliyoyasema ni kweli, basi kuisifu rolakosta ni kutoa ushahidi kwamba imani ya watu imewekwa mahali pazuri. Na mwenye kutoa ushahidi wa namna hiyo hawezi kuanzia kwenye kiti. Hana budi kuanzia langoni, maana hapo ndipo imani ya kwanza hutolewa au hukataliwa.

Katika Marekani, kwa miaka mingi, nauli haikutosha. Glen Echo, bustani iliyo karibu na jiji la Washington, ilikuwa na rolakosta ya mbao na bembea ya farasi wa kuchongwa, na watu weusi hawakuruhusiwa kuzipanda. Tarehe 30 Juni 1960 vijana, wengi wao wanafunzi wa Howard University, waliingia wakakaa juu ya farasi hao. Tikiti walikuwa nazo. Watano walikamatwa kwa kuingia mahali wasipotakiwa. Waliobaki nje, pamoja na majirani weupe walioungana nao, waliandamana mbele ya lango majira yote ya joto, na mwaka 1961 bustani ikafunguliwa kwa wote. Kesi ya wale watano ikafika Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwaka 1964 iliitengua hukumu yao. Mwaka 1963, katika barua aliyoiandika gerezani Birmingham, Martin Luther King alitaja miongoni mwa machungu ya watu wake jinsi baba anavyofungwa ulimi anapotakiwa kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda katika bustani ya michezo iliyotangazwa katika televisheni. Aliliweka jambo hilo katika barua inayotaja pia mauaji na mabomu. Wala sioni kama alikosea kipimo.

Tumfikirie mhakiki wa mwaka 1959 aliyeipanda rolakosta ya Glen Echo akaandika kuwa mteremko wake ni mtamu na mbao zake zimetunzwa. Kila neno lake laweza kuwa sahihi. Lakini ile hofu tamu aliyoipima, ya akili inayojua na tumbo lisilojua, ilikuwa mali yake yeye na wenziwe tu. Waliokuwa nje walikuwa na hofu ya namna ya mfanyakazi wa makaa, na wanafunzi wale walipoketi juu ya farasi wa mbao, wanaozunguka polepole na hawamtishi hata mtoto mchanga, walikuwa wakifanya jambo ambalo Aristotle angalilitambua.

Bustani ya Gwynn Oak, karibu na Baltimore, nayo iliacha kubagua baada ya maandamano na mamia ya watu kukamatwa. Siku iliyofunguliwa kwa wote ilikuwa 28 Agosti 1963, siku ile ile ya maandamano makuu ya Washington. Mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea yake ya farasi siku hiyo alikuwa hajatimiza mwaka mmoja, na baba yake alisimama kando yake akimshika asianguke. Bembea yenyewe ilihamishwa mwaka 1981 hadi uwanja mkuu wa Washington. Haina kilima, wala kitanzi, wala mwendo wa kutajwa, na katika orodha za wahakiki wa mabembea haina nafasi ya juu.