Kuishi kwa Kiasi si Kuishi kwa Huzuni



Mtu mmoja aliyeingia katika Uislamu karibuni aliniuliza swali nilipokuwa Chanji, pale Sumbawanga, nami nikadhani nalijua jibu lake. Alisema: "Maalim, tangu nisilimu nimeacha pombe, nimeacha karamu za mavuno, sivai ovyo wala silii mali iliyonipita. Je, furaha ya Mwislamu iko wapi hapa duniani?" Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo sisi tuliokaa miaka mingi chuoni katika nchi za mbali, kwamba furaha yake anawekewa Akhera. Jibu hilo lilikuwa nusu tu, na nusu ya jibu katika mambo ya dini yaweza kudhuru kuliko kunyamaza. Nitakueleza ilivyokuwa.

Kwanza yafaa uijue nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu, wenye upepo na baridi kali mwezi Juni na Julai, na udongo wake hutoa mahindi, maharage, ulezi, alizeti na ngano. Mkoa wa Rukwa wahesabiwa miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Mavuno yakiisha, malori huja na wanunuzi wenye fedha mkononi, na watu wengi huuza karibu yote waliyovuna. Hapo ndipo huanza miezi ya arusi, ya nguo mpya, ya simu mpya, na ya ulezi unaogeuzwa pombe, yaani chakula cha mtoto kugeuzwa ulevi wa baba. Lakini ifikapo Januari na Februari, wakati wa palizi, yule aliyeuza gunia kwa bei ya chini hununua debe kwa bei ya juu. Pengine ni mahindi yale yale aliyoyapiga jasho mwenyewe!

Kwa kuona hayo nilihutubia juu ya israfu Ijumaa tatu mfululizo. Niliwakumbusha ya kuwa mwaka 1934 Khalifa wa Pili wa Jumuiya yetu, Hazrat Mirza Bashir-ud-Din Mahmud Ahmad, alipoanzisha Tahrik-e-Jadid, aliwataka Waahmadiyya waishi maisha ya kawaida, watosheke na chakula cha namna moja mezani, na kile kinachookolewa kitumike kwa kueneza dini. Watu walisikiliza vizuri. Na yule ndugu aliyeniuliza swali alisikiliza kuliko wote. Baada ya muda alileta chanda kubwa kuliko alivyopaswa, nami nikamsifu mbele ya watu. Leo naona haya nikikumbuka sifa zile.

Kwani haukupita mwezi mkewe akanijia. Alisalimu kwa adabu, akaketi, kisha akasema: "Maalim, ni wewe uliyemfundisha mume wangu kutunyima?" Nikamwuliza ni lipi lililotokea. Akaeleza kwamba kila yai linalotagwa nyumbani hupelekwa sokoni; maziwa vivyo hivyo; maharage yameuzwa yote; watoto hula ugali na majani asubuhi na jioni, na hata chumvi huhesabiwa. Wakimwuliza baba yao, husema hiyo ndiyo zuhdi aliyoisikia msikitini. Mtoto wa mwisho alipopelekwa kliniki akapimwa, mama aliambiwa kuwa kimo chake hakilingani na umri wake.

Msomaji mpenzi, huyo hakuwa mtoto mmoja peke yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini katika Rukwa, nchi ya maghala, ni karibu nusu ya watoto wote. Wala si kwa sababu ardhi imekataa kutoa. Waganga watuambia kwamba siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye uzito, na kimo kilichopotea wakati huo ni shida sana kukirudisha. Tumbo laweza kujaa ugali na mwili ukawa na njaa. Maharage, mayai, maziwa, samaki waletwao kutoka Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, hivyo ndivyo mwili wa mtoto unavyovidai, na hivyo ndivyo huwa vya kwanza kupelekwa sokoni.

Nilipokuwa nikitafuta la kumjibu mama yule, nilikumbuka ya kuwa malalamiko yake yalikwisha kuletwa mbele ya aliye bora kuliko sisi. Hind, mke wa Abu Sufyan, alimshitaki mumewe kwa Mtume Mtukufu (s.a.w.) kuwa ni mtu bahili, hampi yeye na watoto wake cha kuwatosha. Basi Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Tafakari hukumu hiyo! Hakumwambia avumilie, angojee Akhera. Aliihesabu riziki ya mke na watoto kuwa ni haki yao iliyokwisha kuthibiti, wala si hisani ya mume.

Na kuhusu ile chanda niliyoisifu, hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) yatosha. Alipougua alitaka kutoa mali yake yote sadaka. Mtume (s.a.w.) akamkatalia, akamkatalia na nusu, akamwachia theluthi tu, na hiyo pia akaiita nyingi, kwani ni bora kuwaacha warithi wakiwa na cha kuwatosha kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono. Ikiwa ndivyo kwa mtu anayedhani amefika mwisho wa maisha yake, itakuwaje kwa mwenye watoto wadogo mezani?

Kurani Tukufu katika sura ya Al-Furqan (25:68) inawaeleza waja wa Rahmani kuwa ni watu wasiomwaga mali wala kuifungia, bali husimama katikati. Wengi wetu huisoma aya hiyo kama karipio kwa wafujaji tu, nami nilikuwa mmoja wao. Kumbe ina makali pande mbili. Na katika sura ya Al-Aaraf (7:33) Mwenyezi Mungu anauliza ni nani aliyeharimisha pambo na vilivyo vizuri alivyowatolea waja wake. Hata Nabii Yusuf (a.s.), alipowapangia watu wa Misri kuweka nafaka katika masuke yake miaka saba, hakuwaamuru washinde na njaa miaka hiyo, alibakiza fungu la kula. Ghala lake lilikuwa kwa ajili ya watu. Ghala la ndugu yetu lilikuwa limegeuka kuwa bwana wa nyumba.

Nilikwenda kwake, lakini sikuanza na aya. Tulikwenda shambani. Wafipa wana desturi ya zamani ya kulima matuta ya mviringo, wayaitayo ntumba. Uwanda wao una miti michache, hawawezi kukata matawi na kuyachoma kama wafanyavyo Wabemba wa Zambia. Basi mvua zikikaribia kwisha hukata majani, huyafukia ndani ya tuta yakaoza, na juu ya tuta hupanda maharage. Msimu ufuatao tuta husambazwa na mbolea yake, kisha hupandwa ulezi au mahindi. Nikamwuliza: "Ndugu yangu, tuta hili lawekwa akiba au lavunjwa?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto. Akasema: "Lavunjwa, Maalim. Tuta lisilovunjwa ni la nini?" Kisha akanyamaza kitambo, nami nikanyamaza.

Baadaye jioni alirudia swali lake la kwanza, na safari hii sikumpeleka Akhera moja kwa moja. Nilimweleza jinsi Salman (r.a.) alivyomkuta Abu Dardaa (r.a.) akifunga mchana na kusimama usiku hata mke wake amekata tamaa naye, akamwambia kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Nikamweleza kwamba Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akishona viatu vyake mwenyewe, alishindana mbio na mkewe Aisha (r.a.), naye akamshinda. Kuna gharama gani katika mbio? Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa mbashiri wetu kabla ya kuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, alitunga mashairi, na shairi halinunuliwi dukani. Kuota moto pamoja na watoto katika baridi ya Ufipa, kuwasimulia hadithi, kumkaribisha mgeni kwa maharage yaliyopikwa vizuri, kwenda kumwona mgonjwa, haya yote ni maisha, na hayahitaji lori kuja.

Usiku ule walikaa, mume na mke, wakapima: chakula cha nyumba hadi mavuno mengine, mbegu, ada na sare za watoto, chanda ya moja ya kumi na sita bila kujionyesha, kisha cha kuuza. Malori yalipofika aliuza magunia 14 ya mahindi kati ya 22. Maharage yote yalibaki nyumbani. Koti lake ni lile lile lenye viraka, nami simlaumu, kwani linamtosha. Mara ya mwisho nilipopita Chanji mkewe aliniarifu kuwa mayai ya kuku wawili hayauzwi tena. Ya kuku wa tatu wangali wakibishana.