Ndoo ya Kwanza

Je, mtu anayeanza ana haki ya kukosea? Wengi watajibu haraka: ndiyo bwana, kwani nani alizaliwa fundi? Ndivyo tunavyojitetea sisi tunaoandika. Shairi la kwanza likiwa bovu, wenzio watakucheka kijiweni, utalichana, kesho utatunga jingine. Hakuna aliyelazwa hospitali kwa vina vibovu.

Lakini hebu tuiweke kalamu chini, tushike ndoo. Kijana anataka kupika bia nyumbani, ndio kwanza anaanza, na mfukoni hali si nzuri. Anunue vyombo gani? Utasema hilo ni swali la sokoni, swali la bei tu. Mimi nasema ni swali la utu.

Tuvitazame vyombo vyenyewe. Kwa lita 20 hivi anahitaji sufuria kubwa, ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula na yenye mfuniko unaobana, kizibo cha maji kinachotoa gesi nje bila kuruhusu hewa kuingia, mpira wa kuhamishia, kipimajoto na haidromita. Hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, eti ni anasa. Kumbe ndiyo inayomwambia kama hamira imemaliza kazi yake kwenye sukari. Akifunga chupa mapema, gesi huzidi kujaa ndani mpaka chupa inaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Na mtu huyo pengine si yeye.

Hapo utasikia: mbona bibi zetu kule Kilimanjaro wanapika mbege bila haidromita? Ndizi mbivu, kimea cha ulezi, gome la msesewe la kutia uchungu, basi! Kweli kabisa. Lakini bibi ana kipimo kisichouzwa dukani. Analijua povu, anaijua harufu, alisimama karibu na mama yake miaka na miaka. Tena mbege yake hunywewa mapema, haifungiwi kwenye chupa mwezi mzima. Kijana wa mjini hana bibi huyo jikoni. Anaponunua kipimo, ananunua sehemu ndogo ya ujuzi ambao hakurithi.

Kuna na njia ya mkato: dumu lililobeba dawa za kiwandani, likaoshwa kwa sabuni mara tatu mpaka linang'aa. Plastiki hufyonza kilichokaa ndani yake, bwana. Pipa la bati lenye zinki nalo halifai, maana pombe ina asidi, na asidi huila zinki. Mpikaji anajua dumu lake limetoka wapi. Mnywaji hajui, naye hawezi kukataa asichokijua. Shina la jambo ndilo hili.

"Basi nitakunywa kwanza mwenyewe," atasema mpikaji. Ni maneno ya kiungwana, lakini hayatoshi. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani, na 75 wakafa. Uvumi ulienea kwamba imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta sumu inayotengenezwa na bakteria, sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Mpikaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hakuwa mchawi wala muuaji. Alikunywa alichowapa wenzake, na nia yake njema haikumwokoa yeye wala wao.

Kwa hiyo nia si kipimo, na chombo peke yake si kinga. Ndoo mpya haisafishi unga ulioharibika. Je, tuseme basi maskini asipike, awaachie wenye fedha? La hasha. Ndoo safi si mali ya tajiri, na lita tano zinafundisha sawa na lita ishirini. Kilicho ghali ni kumwaga: kuitazama kazi ya wiki tatu, kuitilia shaka, na kuimimina shimoni huku wageni wanasubiri.

Nakubali, anayeanza ana haki ya kukosea. Lakini haki hiyo inafika pale tu ambapo gharama ya kosa anailipa mwenyewe. Ikianza kulipwa na tumbo la jirani, si haki tena, ni dhuluma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ndoo, jiulize kama utaweza kuimwaga. Kama huwezi, muda wako wa kununua bado.