Mwenye Nyumba na Mpita Njia

Je, mwenye mali ana haki ya kuvunja kila kilicho chake? Sheria aghalabu hujibu kuwa anayo. Lakini yapo majengo ambayo hati zake zimo mkononi mwa mmoja, ilhali nyayo zilizomo ndani ni za maelfu, na hapo jibu la sheria huwa pungufu.

Tuitazame stesheni ya Pennsylvania mjini New York. Ilifunguliwa mwaka 1910, ikiwa na nguzo 84 za mawe, na ukumbi wa kungojea wenye kimo cha mita 45 hivi, uliobuniwa kwa mfano wa mahamamu ya Warumi wa kale. Karani na mfagiaji walipita chini ya dari ile kama wapitavyo wafalme. Kampuni ya reli ndiyo iliyoijenga. Kisha magari na ndege zikawachukua abiria, hasara ikazidi, na mwaka 1963 kampuni hiyohiyo ikaanza kuibomoa, ili juu yake pajengwe ukumbi wa michezo na jengo la ofisi. Treni ziliendelea kupita. Stesheni mpya ikabaki chini ya ardhi, yenye dari fupi na vichochoro.

Mwenye kuitetea kampuni hakosi hoja. Uzuri haulipi mishahara, na anayefilisika halazimiki kuwagawia watu fahari. Tena kazi ya stesheni ni kusafirisha, na safari hazikukatika. Hoja hii ina nguvu. Kasoro yake ni kumhesabu msafiri kuwa mzigo. Mzigo hauna haja ila kufika. Binadamu huishi hata anapongojea, na mahali anapongojea humweleza anathaminiwa kiasi gani.

Majuto ni mjukuu. Mwaka 1965 jiji lilitunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria hiyo katika kesi ya Grand Central, stesheni nyingine ya mji huohuo. Mmiliki alibaki mmiliki, ila alizuiwa kujenga mnara juu yake. Mwaka 2021 ukumbi mpya wenye paa la kioo ulifunguliwa ng'ambo ya barabara, ndani ya jengo la posta ya zamani. Hata hivyo maelfu ya abiria wangali wanapita kule chini.

Hati humpa mtu nyumba. Lakini aliyewafungulia watu mlango kwa zaidi ya miaka 50 amekwisha kuwafanya washirika: hisa hawana, madai wanayo.