Nikasome Masta kwa Ajili ya Nani?



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, na mwaka huu nataka kuomba masta. Wenzangu wananishauri nikasome uongozi wa elimu. "Huko ndiko kwenye vyeo, mwalimu!" Moyo wangu lakini unavutwa na elimu maalumu, hasa kufundisha wanafunzi wenye ulemavu wa viungo. Kabla ya kujaza fomu nimejiuliza: huu ni wito, au ni huruma tu?

Sababu ninayo. Darasani kwangu kulikuwa na binti mwenye mtindio wa ubongo. Mama yake alimleta akiwa amembeba mgongoni. Alipofika darasa la nne alishakuwa mzito, masika ikaja na matope yake, mama akashindwa. Nilimhurumia sana. Hata kwenye jumuiya nilimwombea. Ila sikuwahi kufika kwao, wala kuuliza kwa nini mlango wa darasa una ngazi tatu. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, jamani, lakini haikumrudisha shuleni.

Tangu hapo naisoma Marko sura ya 2 kwa jicho jingine. Wale watu wanne walimkuta Yesu nyumbani, mlango umejaa watu. Hawakumwambia yule aliyepooza avumilie. Walipanda juu, wakatoboa paa. Yesu akaiona imani yao. Aliionea wapi? Kwenye lile tundu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua elimu kuwa haki yao. Kama ni haki, basi nikimfundisha yule binti simfanyii hisani. Namlipa deni.

Kusema ukweli, wenzangu nao wana hoja. Mwalimu mkuu ndiye mwenye sauti kwenye ukarabati, na cheo si dhambi. Tena kusoma kutanitoa hapa: hata Tabora tu ni safari ndefu ya treni kupitia Kaliua. Nikiwa naandika tasnifu, binti yuko nyumbani anakua.

Lakini nikijichunguza, kinachonipungukia ni ujuzi. Sijui nimkalishe vipi ili mkono wake uishike penseli, wala nimpimeje kwa haki wakati anaandika polepole kuliko wenzake. Cheo hakitanifundisha hayo. Kwa hiyo nitakitafuta chuo kitakachonipeleka madarasani kwa mazoezi, kinifundishe kukaa meza moja na mtaalamu wa viungo na mzazi. Na nitauliza jambo moja la wazi: mwanafunzi mwenye kitimwendo anaingiaje kwenye ukumbi wenu wa mihadhara? Kama hawezi kuingia, mimi watanifundisha nini?

Jumamosi iliyopita hatimaye nilikwenda kwao. Mama akanikaribisha kigoda, akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, umekuja kumsalimia au kumrudisha shule?"

Sikuwa na jibu. Nadhani swali lake ndilo lilikuwa swali langu lote, yeye kalisema kwa kifupi. Fomu nitaijaza wiki hii. Ila Jumatatu asubuhi, kabla ya masta yoyote, nakwenda kwa mwalimu mkuu kuzungumzia zile ngazi tatu.

Na wewe kijana mwenzangu unayechagua kozi: nani anasubiri nje ya mlango wako?

Tuombeane.