Kicheko Kisichojibiwa: Maadili ya Kuipenda Filamu kwa Kasoro Zake

Miongoni mwa masuala ambayo nadharia ya uhakiki imeyapa kisogo ni lile la kazi iliyoshindwa. Mhakiki hufunzwa kuitambua kazi bora na kuifafanua. Kazi mbovu huwekwa kando, na kuwekwa kando huko huhesabiwa kuwa hukumu tosha. Hata hivyo, liko kundi la watazamaji lisilokubali hukumu hiyo. Kwa miongo kadhaa, katika miji mingi ya dunia, watu wachache wamekuwa wakikusanyika usiku kuzitazama filamu ambazo hazikupata soko zilipotolewa, wakazirudia hadi kuyakariri mazungumzo yake, na kuzienzi kama waumini wanavyoenzi tambiko. Hizi ndizo zinazoitwa hapa filamu za wafuasi. Si zote zilizo mbovu. Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty (1973) ilikuwa na wapenzi waaminifu muda mrefu kabla nakala yake haijakarabatiwa mwaka 2008, na mapenzi hayo hayana utata wa kimaadili. Utata umo katika zile zinazopendwa kwa sababu ya kasoro zake. Mtu ana haki gani ya kustarehe kwa kushindwa kwa mwenzake? Na starehe hiyo yaweza kuitwa mapenzi?

Wanafalsafa wa kale walilikaribia suala hili kwa tahadhari. Katika Philebus, Plato anaonyesha kwamba kicheko kinachomlenga mtu asiyejijua huchanganya raha na husuda, hata pale anayechekwa anapokuwa rafiki. Aristotle naye, katika Poetics, analihusisha jambo la kuchekesha na kasoro isiyoleta maumivu wala madhara. Kauli ya Aristotle huonekana kuwaokoa wafuasi: filamu ni picha tu, nani aliyeumia? Lakini jibu hilo ni la haraka mno. Susan Sontag, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1964, aliona kwamba kinachovutia katika kazi za namna hii ni dhati iliyokwenda kombo. Asiyekusudia kuchekesha ndiye huchekesha zaidi.

Hapa ndipo kinaya kinapojitokeza. Tangu Wimsatt na Beardsley walipochapisha hoja yao mwaka 1946, wanafunzi wa fasihi wamekanywa wasiihukumu kazi kwa kuikisia nia ya mtunzi. Mtazamaji wa filamu mbovu hawezi kulitii katazo hilo. Sahani inayoning'inia kwenye uzi haichekeshi mpaka ijulikane kwamba ilikusudiwa kuwa chombo cha kutoka sayari nyingine. Kwa maneno mengine, anayecheka amekwisha kukiri kwamba nyuma ya picha yuko mtu aliyekuwa akijaribu jambo, na akishakiri hivyo hana tena njia ya kudai kwamba anacheka kitu, si mtu.

Mfano wa Edward D. Wood wa Marekani unalidhihirisha jambo hili kwa uchungu. Filamu yake Plan 9 from Outer Space ilipigwa mwaka 1956, na kwa sehemu iligharimiwa na waumini wa Kibaptisti. Bela Lugosi, aliyewahi kutukuka kwa kuigiza Dracula mwaka 1931, alifariki Agosti 1956, akiwa ameacha vipande vichache vya picha alizopigwa na Wood. Wood aliviingiza vipande hivyo katika filamu mpya, kisha akamtafuta tabibu wa viungo aliyemtibu mkewe, mtu mrefu kumshinda marehemu, akamfunika uso kwa joho ili aendelee kuwa Lugosi. Wafuasi hulicheka joho hilo mpaka machozi yakawatoka. Ni nadra kutajwa kwamba Hollywood ilikuwa imekwisha kumsahau mzee huyo, na kwamba katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa akipambana na uraibu wa dawa, Wood alikuwa miongoni mwa wachache waliomwajiri. Joho ni kasoro ya kiufundi. Yamkini pia ni namna ya kukataa kumzika rafiki.

Ni nadra vilevile kusikia kwamba viumbe wa filamu hiyo huwafufua wafu ili kuwazuia wanadamu wasiunde silaha itakayoangamiza ulimwengu wote. Mazungumzo yao ni ya kitoto, hilo halina ubishi. Lakini yaliandikwa katika muongo uleule wa majaribio ya bomu la haidrojeni. Kabla ya hapo, katika Glen or Glenda (1953), Wood alikuwa amejiigiza mwenyewe, akitumia jina la kubuni, kama mwanamume anayependa kuvaa mavazi ya kike na kuomba aeleweke. Anayeicheka filamu hiyo anacheka ombi.

Wood alifariki Desemba 1978, fukara, siku chache baada ya kufukuzwa katika nyumba aliyopanga. Mwaka 1980 ndugu Harry na Michael Medved walichapisha kitabu ambamo Plan 9 ilitangazwa kuwa filamu mbovu kuliko zote, na Wood mwongozaji mbovu kuliko wote. Umaarufu wake ukaanzia hapo. Mwaka 1994 Tim Burton alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, na Martin Landau akapewa tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Lugosi: heshima ilifika, ila ilimwendea mwigizaji wa mwigizaji.

Utamaduni wa Waswahili unao utaratibu unaosaidia kulipima jambo hili. Katika malumbano ya kishairi baina ya Mombasa na Lamu enzi za Muyaka bin Haji, kejeli ilikuwa kali na wala haikuonewa haya. Kilichoifanya istahimilike ni kwamba aliyerushiwa beti alikuwa na haki ya kujibu, tena kwa sanaa ileile, mbele ya hadhira ileile. Kicheko kilikuwa nusu ya mazungumzo. Kikikosa nusu ya pili hugeuka kuwa kile kinachokatazwa na methali ya hujafa hujaumbika. Kwa kipimo hiki, kosa la kitabu cha 1980 si ukali wake. Kosa ni kwamba kilimrushia beti maiti.

Kipimo hichohicho hutoa hukumu tofauti mahali pengine. Dünyayı Kurtaran Adam ya Uturuki (1982), iliyoongozwa na Çetin İnanç, iliiba picha za Star Wars na muziki wa Raiders of the Lost Ark bila kuomba ruhusa, na wageni wakaipachika jina la Star Wars ya Kituruki, kana kwamba Cüneyt Arkın, nyota wake, hakuwa shujaa wa mamilioni nchini mwake. Lakini Arkın aliishi hadi 2022, na mwaka 2006 alishiriki katika filamu iliyoifuatia ile ya kwanza, ambayo ilikusudiwa kuchekesha. Hilo lilikuwa jibu, hata kama halikuwa jibu zuri.

Jibu lililo bora zaidi limetoka jirani. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo gharama yake hutajwa mara nyingi kuwa haikufika dola 200. Juu ya picha husikika sauti ya VJ Emmie, ambaye humsifu shujaa, humtania mwigizaji na kuitangaza filamu yenyewe risasi zikiendelea kulia. Aliyekulia karibu na vibanda vya video vya Afrika Mashariki haoni ajabu yoyote hapo, kwani Kenya nayo ilimsikia DJ Afro akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake cha mtaani. Nabwana amekitia kicheko ndani ya kazi kabla mgeni hajafika nacho. Nakala isiyo na sauti ya msimulizi haipo tena, kwa kuwa ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine.

Hata hivyo, tatizo halijaisha. Wafuasi wa ng'ambo, ambao ukarimu wao kwa Wakaliga ni wa kweli, huipenda filamu hii pamoja na bunduki zake za vyuma chakavu na milipuko yake ya kompyuta. Pengine huipenda kwa ajili ya hayo. Nabwana akipata kesho kamera bora na fedha za kutosha, atakuwa amefanikiwa machoni pake na amepoteza ladha machoni pao. Mapenzi yanayohitaji umaskini wa mpendwa udumu hayatakaswi na haki ya kujibu, kwa sababu mpendwa huombwa, kwa upole na kwa makofi, ajibu vilevile kila mara. Mtazamaji wa Wakaliga hana sharti hilo. Yeye aliingia kutaka kujua nani alimuua Kapteni Alex, na filamu imekwisha bila kumwambia.