Haki ya Aliyekushinda



Vijana wawili wa darasa letu walinijia baada ya sala ya Alasiri, wamekwisha bishana hata wamechoka. Walikuwa wametazama picha za fainali ya tenisi ya mashindano makuu ya Marekani ya mwaka 2018, ambayo Naomi Osaka wa Japani, msichana wa miaka 20, alimshinda Serena Williams. Katika mchezo ule mwamuzi alimwadhibu Serena mara tatu: kwa ishara alizopewa na mwalimu wake, kwa kuivunja raketi yake, na kwa maneno aliyomwambia mwamuzi. Serena akasema ameonewa. Watazamaji wakazomea, na mshindi akasimama kupewa kikombe chake huku analia.

Kijana mmoja alisema mwamuzi amedhulumu. Wa pili alisema amefuata sheria. Wakataka niwaamue. Nikawajibu: “Nyote wawili mmemtaja mwamuzi na mmemtaja aliyeshindwa. Aliyeshinda mmemsahau.” Na kwa insafu yapasa isemwe kuwa Serena mwenyewe, mwisho wa mambo, hakumsahau: aliwaomba watu waache kuzomea, akasema mwenzake amecheza vizuri.

Basi swali ni hili: mtu aliyekushinda ana haki gani juu yako?

Jawabu yake nimeipata karibu zaidi kuliko New York. Sisi watu wa pwani twaijua Kisii kwa ndizi zake na kwa vinyago vya mawe laini ya Tabaka. Wengi wetu hatujui kwamba Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki alitoka katika kabila la Wakisii. Huyo ni Naftali Temu, aliyekuwa askari wa jeshi letu na aliyefariki mwaka 2003. Tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico, alishinda mbio za mita 10,000. Mamo Wolde wa Uhabeshi alikuwa wa pili, na Mohamed Gammoudi wa Tunisia wa tatu. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alifika wa sita akaanguka, hata ikabidi apewe hewa ya kupumulia.

Mji wa Mexico uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,240, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo wakatokea watu wakasema kuwa si miguu iliyoshinda, ni hewa. Nilipokwenda Kisii na Nyamira kuwazuru ndugu zetu, mzee mmoja alinambia maneno ambayo sikuyasahau: “Mtoto wetu alikimbia kwa miguu yake, wao wakasema kabebwa.” Ilikwisha pita miaka mingi, na bado yalikuwa yakimuuma.

Tuyapime maneno hayo kwa haki. Hapana shaka kwamba hewa ya juu humtaabisha mtu wa nchi ya chini. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kila lalamiko lina mlango wake. Hili lilikuwa la kupelekwa kwa wale waliouchagua mji, nao waliuchagua tangu mwaka 1963. Temu hakuuchagua. Kumkata mshindi deni asilolikopa ni dhulma, hata ikiwa deni lenyewe ni la kweli.

Kisha tuutazame ushahidi. Mwezi wa Agosti 1966, mjini Kingston, Jamaika, Temu alikimbia maili sita katika michezo ya Jumuiya ya Madola, na Clarke yule yule akiwamo. Kingston ni mji wa bandari, uko ukingoni mwa bahari, na una joto kama la Mombasa. Temu akamshinda, akamwacha mbali. Ni hewa gani iliyombeba huko?

Tena siku nne baada ya ushindi wa Temu, katika mji ule ule wa Mexico, Gammoudi alishinda mbio za mita 5,000. Kipchoge Keino alikuwa wa pili na Temu wa tatu. Hapa nawaomba wasomaji wangu wajichunguze. Tusikiapo jina la Mohamed nyoyo zetu hufurahi, wala hatuulizi hewa ilikuwaje. Mwenye kuuliza habari ya hewa anaposhinda mgeni, akanyamaza anaposhinda wa kwao, huyo hakutafuta haki. Ametafuta kisingizio.

Nami sisemi haya kwa kujiona. Nilipokuwa kijana nilicheza mpira wa miguu kwa ajili ya mtaa wetu. Siku moja mpira ulinigonga mkononi ukaingia golini, mwamuzi asione. Mlinda mlango wao, aliyekuwa rafiki yangu, alinitazama akingoja niseme. Sikusema. Tulishinda, tukaimbiwa mitaani. Na yule rafiki yangu asinipe mkono hata Idi mbili zikapita. Alikuwa na haki. Mwamuzi alikosa kwa kutoona, na mimi nilikosa hali ya kuwa najua.

Basi mshindani wako ana haki tatu juu yako. Ya kwanza, ushindane naye kwa nguvu zako zote, usimdanganye. Ya pili, usichukue kilicho chake, hata kama mwamuzi hakuona. Ya tatu, nayo ndiyo nzito, akikushinda usiupunguze ushindi wake. Una ruhusa ya kumlalamikia mwamuzi kwa adabu, ikiwa una hoja. Lakini furaha ya mwenzako si mali yako hata uitoze.

Twajua kisa cha al-Adhbaa, ngamia wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alikuwa hapitwi mbioni, mpaka alipokuja bedui na ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakaona uchungu. Mtume hakusema njia ilikuwa mbaya, wala hakumtafutia bedui ila. Aliwafundisha kwamba hapana kitu kinyanyukacho duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Bedui akaenda zake na ushindi wake mzima.

Siku mtaa wetu utakaposhindwa, tumwache naye mshindi aende na wake mzima. Wabillahi taufiki.