Neema na Kidonge

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1962, vijana 20 wanafunzi wa theolojia waliketi katika kikanisa cha chini cha Marsh Chapel, Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Juu yao Mchungaji Howard Thurman aliongoza ibada, na sauti yake ikawafikia kwa vipaza sauti. Kila mmoja alikuwa amemeza kidonge. Kumi walipewa psilosibini, ile dawa iliyomo katika uyoga fulani wa Meksiko; kumi wengine vitamini yenye kuipasha ngozi joto. Hakuna aliyeambiwa amepewa kipi, ingawa siri hiyo haikukawia kujifichua yenyewe. Walter Pahnke, daktari na mhudumu wa dini, alitaka kujua kama dawa yaweza kumletea mtu ule muungano na Mungu ambao watakatifu wameusimulia.

Wengi wa wale kumi wa kwanza walisema wameuonja. Tena, Rick Doblin alipowatafuta na kuchapisha habari zao mwaka 1991, walikuwa bado wakiihesabu siku ile miongoni mwa siku kuu za maisha yao ya kiroho. Hatuna haki ya kuwaita waongo. Mungu aliyeuumba uyoga hazuiliwi nao.

Walakini uchunguzi huohuo ulifichua jambo jingine. Kijana mmoja, akiamini kwamba amechaguliwa kutangaza kuja kwa Masiha, alitoka kikanisani akaenda zake barabarani. Alirudishwa, akachomwa sindano ya kumtuliza. Katika taarifa yake Pahnke hakuitaja sindano hiyo. Basi nuru ya wenzake ikaandikwa, na giza lake likaachwa nje ya karatasi.

Kanisa halidharau dawa. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa hata kwa dawa zenye kulevya. Na tangu Julai 2023 nchi ya Australia imewaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuwapa psilosibini wagonjwa wa sonona, ile huzuni nzito, iliyoshinda tiba nyingine. Mgonjwa akipata nafuu, tumshukuru Mungu pamoja naye.

Lakini nafuu ni kitu kimoja, na utakatifu ni kitu kingine. Katika Ijumaa Kuu ya kwanza Bwana wetu alipewa divai iliyotiwa manemane, akaikataa. Naye katikati ya mateso alikuwa bado na sikio la kumsikiliza mnyang'anyi, na jicho la kumwona Mama yake. Hatusomi popote kwamba alijisikia vizuri saa ile.

Kwa hiyo wale wanaotuhubiria leo wokovu wa vidonge twawauliza neno moja tu: yule kijana aliyechomwa sindano, Jumatatu ya Pasaka nani alikwenda kumjulia hali?